Marobota Nyuma ya Pazia

Lizaboni, Songea
Jumatatu, mvua inanyesha

Kaka yangu Bakari,

Shikamoo. Najua kwa sasa hutaki kuiitikia shikamoo yangu, lakini naileta hivyo hivyo, maana kukuamkia nilifundishwa na mama, na si wewe wa kunikataza. Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya wote walioamka salama hapo Namasakata. Magoti ya mama yanasemaje na mvua hizi? Shemeji ameshajifungua au bado mnasubiri? Na mikorosho ya upande wa mtoni mmemaliza kuipalilia, au nyasi zimewashinda kama mwaka ule tulipoachiwa kazi mimi na wewe, tukaishia kucheza bao? Nijibu hata kama umenuna. Mtu anaweza kununa na kuandika kwa wakati mmoja, mimi hapa nafanya hivyo.

Kwa mwili sijambo. Baridi ya huku imezidi, nimevaa koti la mitumba lenye vifungo vya kike na wala sioni haya. Sikai tena kwa kina Menas. Nimepanga chumba karibu na soko, na mchana natengeneza redio za watu kwenye baraza ya duka. Sababu ya kuhama ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Ujumbe wako niliupata. Kondakta wa basi la Tunduru alinikuta barazani nalehemu waya wa redio ya mwalimu mmoja, akasimama mbele yangu anajikuna kisogo.

"Saidi, mimi nimetumwa tu, usije ukanishika shati."

"Sema."

"Kaka yako anasema umemfuta. Anasema kuanzia sasa usimwite kaka, ukamwite kaka yule mwenye kinanda."

"Amesema mwenyewe?"

"Mwenyewe, pale stendi, mbele za watu. Nikamwambia, mzee, maneno mazito hayo, si bora uyaandike? Akasema hana kalamu ya kumwandikia msaliti."

Nilichoma kidole changu badala ya waya. Kaka, umeniita msaliti stendi ya Tunduru, mbele ya wauza karanga na wapiga debe, watu ambao hata jina langu hawalijui. Kondakta alipoondoka nililia, na sikuandikii hilo ili unionee huruma. Nakuandikia ujue umeniumiza. Aliyeniumiza kwanza ni Menas, lakini Menas hakulala na mimi mkeka mmoja.

Sasa soma jinsi mambo yalivyokwenda, tangu mwanzo, na usiruke mistari kama unavyosoma barua za chama cha ushirika.

Chumba chetu cha kurekodia unakikumbuka, kile cha uani kwa mama yake Menas. Mashine ilikuwa ya Menas, aliletewa na ndugu yake wa Dar mara tu vitu vya nje vilipoanza kuingia bila shida: ile ya njia nne, kila sauti inapita njia yake ndani ya kaseti moja. Yeye alijua mashine na kinanda. Mimi spika zilikuwa zangu, na masikio. Yeye anarekodi, mimi nachanganya, na hatukuwahi kugombana hata siku moja. Mama yake, Mama Emeliana, alinifanya mwanawe. Ananiwekea ugali na likolo, mboga zao za majani, hata nikichelewa, na mwezi wa Ramadhani alikuwa akiniamsha daku yeye mwenyewe, rozari shingoni. Ukilelewa namna hiyo na mama wa mtu, huanzi kumpekua mwanawe mifukoni.

Tatizo letu pale lilikuwa besi. Chumba cha saruji, kidogo, na sauti nzito ikiingia humo haitoki, inakwenda kujikusanya kwenye pembe. Ukikaa katikati huisikii, ukisogea ukutani inakuvamia tumboni. Kazi zetu za mwanzo zilikuwa aibu. Nasikia besi nyingi, naipunguza, kumbe niliyokuwa naisikia ni ya chumba, haimo kwenye kaseti. Mteja akienda kupiga nyumbani kwake anakuta wimbo umebaki mifupa.

Aliyetuokoa ni Mama Winfrida, yule muuza mitumba jirani, uliyenunua kwake sweta la bluu la shemeji. Nyumba yake inavuja. Akatuomba tumhifadhie marobota yake ya nguo, tukayapanga kwenye pembe zote, moja juu ya jingine mpaka karibu na dari. Hatukuwa na nia yoyote zaidi ya kumsaidia. Siku hiyo hiyo nilipowasha spika nilisimama kama mtu aliyetolewa maji masikioni. Marobota yalikuwa yanakula ule mvumo wa kwenye pembe. Nilichokisikia chumbani ndicho kilichokuwa ndani ya kaseti. Tangu hapo ikawa mkataba, yeye nguo zake hazilowi, sisi besi yetu haidanganyi, na mimi sikuchanganya tena wimbo bila marobota yale.

Ila wateja walikuwa wanacheka, wanauliza wamekuja kurekodi au kuchagua suruali. Menas akatundika pazia la kitenge mbele ya kila pembe. Pazia hilo ndilo lililonimaliza, kaka, na nitafika huko.

Mlipokuja na kundi lenu, na yule bosi wa mawe ya vito aliyewaleta kwa gari lake kutoka Tunduru, mlipiga wote kwa pamoja mle chumbani, waimbaji tukawaweka ukumbini. Nilikuwa na kipaza sauti kimoja tu cha kuiwekea dramu ya Hassani. Spika ya gita lako ilikuwa hatua chache kutoka pale, na besi yako ilikuwa inavuja, inaingia kwenye kipaza sauti cha Hassani. Tuligombana, unakumbuka?

"Kaka, punguza."

"Nikipunguza zaidi nitakuwa napiga kimoyomoyo."

Nikavuta marobota mawili nikaizungushia spika yako, bado inavuja. Sauti nyembamba ukiifungia mlango inarudi. Sauti nzito inapita ukutani, inapita sakafuni, haina adabu kabisa. Nilikasirika, nikaona umeniharibia njia nzima ya dramu. Hilo la kuvuja liweke akilini.

Na kumbuka Menas alivyolicheka dole gumba lako. Mimi najua kwa nini unapiga kwa dole gumba, nilikuwepo. Tulikuwa wote jikoni tunabangua korosho za kuokota, mafuta ya maganda yakakuunguza ncha za vidole vingine vyote, ukapiga kelele mpaka mjomba akaja na mchi akidhani ni nyoka. Sauti ya dole gumba lako ni butu, ya mviringo, na ina mkwaruzo mdogo mwanzoni ambao mtu mwingine hana. Menas akasema, "Hii besi ya mkulima." Akasema siku hizi besi inatoka kwenye kinanda, haili wala haiombi nauli. Wewe ulicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia wimbo huu besi yake ni Bakari, na maneno yameisha.

Mlipokuwa mnapanda gari kurudi uliniita pembeni. Ulisema, "Dogo, mimi sitaki picha yangu kwenye kasha la kaseti, sitaki kutajwa. Nataka nisikike tu." Nikakujibu utasikika. Mkono wako ulikuwa na jasho, nikajua kwamba hukuwa unatania.

Kazi ya kuchanganya niliifanya Ijumaa. Nilikwenda msikitini, niliporudi nikamkuta Menas kakaa mlangoni anamenya karanga. "Kazi kwako, fundi," akasema, akanipa na karanga. Niliingia. Mapazia yako mahali pake, yametuna kama siku zote. Nikaanza.

Unajua ninavyofanya, nilikueleza mkiwa hapa. Dramu kubwa na gita la besi vyote vinataka kukaa chini, tena kwenye kiti kimoja, na ukiviacha vinasukumana mpaka huvielewi vyote viwili. Kwa hiyo naiambia dramu ilale chini kabisa, gita linakaa juu yake kidogo, halafu nainyanyua ile sauti ya kidole kugusa waya ili hata redio ndogo ya betri, ambayo chini haina kitu, imwambie msikilizaji kwamba besi ipo. Nyumbani watu wanasikilizia redio ndogo, na mimi nilikuwa nawawaza watu wa nyumbani.

Lakini siku ile besi yako ilikuwa imevimba. Noti nyingine zinanguruma, nyingine hazipo. Nikajiuliza, hivi kaka asubuhi ile alikula nini? Nikapunguza. Bado inanguruma. Nikapunguza tena. Nikamwomba Menas redio yetu ndogo ya kujaribia, akasema mjomba wake ameiazima, anasikiliza mpira. Sikuwa na sababu ya kubisha. Nikaendelea kukata mpaka wimbo ukawa mtamu mle ndani, mtamu kweli, nikamshika Menas mkono kwa furaha. Akanipa mkono. Kaka, alinipa mkono!

Kesho yake bosi wa mawe alikuja kuchukua kazi yake, akaipigia kwenye gari. Uso ukambadilika.

"Besi iko wapi? Hii nini, kwaya ya mbu?"

Nilidhani redio ya gari ni mbovu. Nikainama nikasikiliza. Mifupa mitupu. Wewe hukuwepo kabisa, kaka, ulikuwa mkwaruzo tu kwa mbali. Ndipo Menas akazungumza, na wakati wote huo alikuwa anatazama matairi.

"Bosi, mimi nilimwambia. Mpiga besi mwenyewe dhaifu, na ni kaka yake, alimwonea aibu. Niachie mimi siku moja tu."

Na unajua kilichonifunga mdomo? Niliamini kosa ni langu. Niliamini masikio yangu yamekufa. Fundi wa sauti asiyeamini masikio yake ni sawa na mpishi asiyesikia chumvi, hana la kubishia. Menas akanishika bega, akasema nimechoka, nikapumzike. Nikaenda kupumzika, mimi mjinga, nikashukuru na kushukuru.

Nilipokuwa nimepumzika akarekodi kinanda chake kwenye njia uliyokuwemo wewe. Katika mashine ile kipya kinakalia cha zamani, na cha zamani hakirudi. Halafu akapanda gari la bosi kuja Tunduru na maboksi ya kaseti, akakueleza kwa mdomo wake kwamba aliyekutoa ni mimi. Na wewe ukamwamini.

Ukweli niliupatia sokoni. Mama Winfrida aliniona akageuza uso, akawa anapanga magauni yake kwa hasira.

"Mama, shikamoo. Mbona hivyo?"

"Marahaba. Wewe Saidi, mwanangu, nimekukosea nini? Nguo zangu zimelowa zote kule ndani. Marobota yangu ulikuwa unanifukuzia nini?"

"Nani kakufukuza?"

"Si wewe? Menas kaja siku ile ya Ijumaa ulipokwenda kusali kwenu, kaja na mkokoteni kabisa. Kasema Saidi kasema chumba kinanuka mitumba, wageni wanalalamika. Nikasema haya, kama Saidi kachoka na mimi, basi."

Sikumaliza kumsikiliza. Nilikimbia mpaka nyumbani na matope yangu, nikaingia chumbani, nikafunua pazia. Nyuma yake kulikuwa na maboksi matupu ya kaseti, yamepangwa mpaka juu. Nikafunua la pili, maboksi. Yamepangwa vizuri, kaka, moja limesogezwa mbele kidogo, jingine limerudishwa nyuma, ili pazia litune vile vile kama marobota. Hapo ndipo roho iliponiuma kuliko pengine pote. Kuuzwa na rafiki kwa haraka, kwa tamaa ya ghafla, ningeweza kumezea. Lakini mtu alikaa chini, akawaza masikio yangu yanavyofanya kazi, akajua nikikosa marobota nitakata wapi, akaificha na redio ndogo ili nisipate pa kujaribia. Menas alitumia yale yale niliyomfundisha mimi, tukila karanga, ili kunifanya nikutoe wewe kwa mkono wangu mwenyewe.

Alirudi kutoka kwenu na viatu vipya. Nilimsubiri uani.

"Menas, marobota."

Hakukana. Ningependa angekana. Alikaa kwenye ndoo, akavua kiatu kimoja akakitazama.

"Saidi, siku hizi ni ruksa, kila mtu anajitafutia. Bosi analeta mashine kubwa, anataka fundi mmoja. Ningefanyaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia ungekubali?"

"Na kaka yangu?"

"Kaka yako ana shamba."

Nilimkunja shati. Mama Emeliana akatoka jikoni na mwiko mkononi, akaingia katikati yetu, analia, anatuita wote wawili wanangu. Kwa ajili yake nilimwachia. Nilichukua begi langu nikaondoka.

Haya, ya Menas yamekwisha. Sasa ni zamu yako, na usikunje barua.

Wewe unanijua tangu nabebwa mgongoni. Unajua nikisema uongo nashika sikio. Unajua nilipigwa na mjomba kwa kosa lako la kuuza mbuzi wake, na sikukutaja. Mtu wa kuja, aliyevaa viatu vipya, anakaa na wewe kwa kikombe cha kahawa, anakwambia mdogo wako amekuona hufai, na wewe hata huulizi? Hata swali moja? Barabara ni mbovu, sawa, lakini kondakta yule yule aliyeniletea matusi angeweza kuniletea swali. Nimekuwa nikikuchukia, kaka. Usiku nachukia, asubuhi nasahau, halafu nashika redio ya mtu, nasikia wimbo wenu unapigwa dukani na kinanda chake, nakuchukia tena. Kwa sababu Menas alinichukulia kazi tu. Wewe umenichukulia nyumbani. Mimi Namasakata nitakuja kwa nani, kama mlango wako umefungwa?

Jana Jumapili Mama Emeliana alituma mtu aniite. Menas alikuwa amekwenda Mbinga kurekodi kwaya kwa mashine mpya ya bosi. Nikamkuta mama kakaa mlangoni pa chumba na ungo.

"Ingia uchukue spika zako, mwanangu. Na kama mle ndani kuna kingine chako, chukua. Mimi niko hapa nje nachambua likolo, sioni kitu."

Kaseti yenu ilikuwa bado imo ndani ya mashine. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kuisikia dramu ya Hassani kwa mara ya mwisho kabla sijang'oa nyaya, kwa hiyo nilifunga njia zote nikaiacha ya kwake. Nikaanza kuchezea vitufe kwa mazoea. Nikatoa sauti zote za juu, yale matoazi yakapotea. Nikanyanyua kidogo za chini. Na nyuma ya dramu, kwa mbali, kama mtu anayeongea chumba cha pili, nikasikia dole gumba.

Nilipiga kelele. Mama Emeliana akaja mbio na ungo wake, nusu ya mboga ikamwagika.

"Kuna nini? Umenaswa na umeme?"

"Sikiliza, mama."

Akasikiliza, kichwa kakiinamisha.

"Nani huyo anayepiga?"

"Kaka yangu."

"Si walisema amefutwa?"

"Wamemfuta kwenye njia yake, mama. Alikuwa ameshahamia kwa jirani."

Akacheka, halafu akafuta macho na ncha ya kanga. Ule uvujaji, kaka! Ule niliokugombeza, niliouzungushia marobota nisiutake, ndio uliokuhifadhi. Menas anajua kinanda, anajua viatu, lakini hakukumbuka kwamba besi haikai inapowekwa. Umo kwenye dramu tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho, na kukutoa humo ni lazima amtoe na Hassani.

Nilikaa pale nikauchanganya upya. Kinanda nikakifunga. Dramu, ambayo kila siku naiambia ilale chini, safari hii niliinyanyua isimame, kwa sababu imekubeba mgongoni. Chumba sikukiamini, pembe zake ziko wazi. Nikamuuliza Mama Emeliana kama redio ile ndogo amewahi kuiona, akaenda kuitoa kwenye kabati la Menas, imefungwa kwenye taulo. Hakuna mjomba aliyeiazima. Nikaivutia waya mrefu kutoka kwenye mashine, nikaiweka kwenye mdomo wa mtungi mtupu jikoni, kama mama yetu alivyokuwa anatuwekea ile yetu ili tupate mdundo, nikawa natoka chumbani nakwenda jikoni, nasikiliza, narudi, nazungusha kidogo, nakwenda tena, mpaka ukakaa sawa, nikaunakili kwenye kaseti tupu.

Kaseti yenyewe nimempa kondakta, nimeisokota ndani ya soksi ya mitumba isiingie maji. Si safi. Inavuma kidogo, na kuna mahali dramu imekuzidi, sikuweza kuwatenganisha. Bosi wa mawe hawezi kuinunua na wala simuuzii. Usiipige stendi. Ipige nyumbani, mama akiwepo, na redio uiweke kwenye mtungi mtupu, sio ule wa maji ya kunywa, atakuchapa. Subiri mwisho wa ubeti wa pili. Waimbaji wanavuta pumzi, Hassani anapiga mara moja, halafu kuna mtu anachelewa kidogo kabla ya kumjibu, kama anavyochelewa siku zote, kuanzia sala ya alfajiri mpaka harusi yake mwenyewe. Huyo mtu kinanda hakimjui.

Msalimie mama, mwambie koti ninalo na kifua hakijanisumbua. Mjomba Issa, aliyetufundisha kupanda mikorosho kwa kamba, mpe shikamoo yangu, na habari za mbuzi ziache zilale. Shemeji, mama wa nyumba yako, mpe pole na hongera, yoyote itakayokuwa imefika. Dada yetu Somoe, mwambie kitambaa chake cha mlangoni nakitafuta. Hassani mpiga dramu mwambie nimemsamehe kwa kupiga kwa nguvu, kuna mtu alimbeba bila kujua.

Ukishaisikiliza, nijibu kwa mkono wako. Usinitumie tena mdomo wa kondakta, naye amechoka na sisi. Na kama baada ya kujisikia bado huna neno na mimi, usijisumbue kuandika. Nirudishie soksi tu, nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako, niliyeambiwa nimekufuta,

Saidi